Kitabu cha Chipu na Siku Arobaini na Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika chochote ila kitabu. Nilifika katika karakana ya vipimo ya kiwanda cha sukari saa moja kasorobo asubuhi, nimevaa ovaroli mpya iliyonizidi mabega, na mfukoni nikiwa na bisibisi tatu nilizonunuliwa na baba. Fundi Mkuu wa Vipimo, mzee mfupi ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, alizitazama zile bisibisi, akazichukua kwa heshima na kuzifungia kwenye droo. Kisha akaniwekea mezani kitabu kinene chenye jalada la kijivu.

"Hiki ni kitabu cha chipu," akasema. "Ukikimaliza, utarudishiwa bisibisi zako."

Nilidhani ni mzaha. Kilinichukua wiki tatu.

Ninayaandika haya kwa sababu vijana wa vyuo na wa karakana za hapa Kakamega wamekuwa wakiniuliza swali lile lile: Mama Rosebella, tusome nini, na tununue vifaa gani, ili tuwe mafundi wa kuandika programu za ndani ya mashine? Wengi wanataka orodha. Orodha nitawapa, lakini itawafikia vipande vipande, jinsi ilivyonifikia mimi, kwa maana thamani ya kila kitabu na kila kifaa niliijua siku nilipokikosa.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana hata mume wangu alikaa miaka mingi akiwaambia watu kwamba mke wake hutengeneza redio. Ndani ya mashine nyingi za siku hizi, kuanzia mita ya stima hadi pampu ya maji, mna chipu ndogo inayoamua mambo. Haina kibodi, na mara nyingi haina hata kioo cha kutazama. Hufanya kazi moja tu, na huifanya mchana na usiku mpaka mashine ife. Maagizo yanayoandikwa ndani ya chipu hiyo huitwa famwea. Kompyuta ya ofisini ikikwama, karani huizima, huiwasha tena, na kuendelea na chai yake. Chipu iliyo ndani ya mashine haina karani.

Sasa kile kitabu cha kijivu. Kila chipu ina kitabu chake, kilichoandikwa na wale walioitengeneza. Humo wanaeleza kila mguu wa chipu, yaani kile kichuma chembamba kinachoingia kwenye bodi, ule ubao unaobeba chipu: una kazi gani, unavumilia umeme kiasi gani, na ukizidishiwa kitatokea nini. Si kitabu cha kusoma ukiwa umelala. Fundi Mkuu hakunifundisha kwa maneno mengi. Saa nne, wakati wa chai, aliketi mbele yangu na kikombe chake akaniuliza mguu wa tisa hufanya nini, au chipu hufanya nini stima inapopungua ghafla. Nikijua, alikunywa chai. Nisipojua, alikunywa chai vilevile, ila akitazama nje, na hilo liliniuma kuliko kukemewa.

"Mtu akisomanga, vitu haviungui," alipenda kusema.

Alinionyesha pia karatasi ya makosa. Watengenezaji wa chipu wakigundua kwamba kazi yao ina kasoro, huichapisha kando: chipu ya aina hii, ukiitumia hivi, itakosea hivi. Vijana wengi ninaokutana nao hawajui kwamba karatasi hiyo ipo. Kwa Fundi Mkuu, hiyo ndiyo iliyosomwa kwanza, kabla ya kitabu chenyewe. Aliniambia mtu anayesema makosa yake mwenyewe, huyo unaweza kufanya kazi naye.

Nilimpenda mzee yule, na sababu kubwa ni jambo lililotokea mwezi wangu wa nne kazini. Chipu za enzi hizo zilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni. Mwanga mkali ukiingia kwenye kidirisha, programu hufutika, kwa hiyo tulikifunika kwa kikaratasi chenye gundi. Nikitaka kuonyesha usafi, nilitoa chipu zote za akiba sandukuni, nikabandua vikaratasi vilivyochakaa, nikazipanga mstari kwenye rafu ya dirisha. Dirisha lenyewe halikuwa na kioo, lilikuwa na wavu wa chuma tu. Zilipendeza. Zilikaa pale juani wiki kadhaa. Siku chipu iliyosimamia matangi ya kuchemshia sukari ilipokufa, tulichomeka ya akiba tukaikuta tupu kama daftari jipya. Zote zilikuwa tupu.

Fundi Mkuu alitazama dirisha, akanitazama mimi. Kisha akafungua kabati na kutoa faili la karatasi. Programu yote ilikuwa imeandikwa humo kwa namba, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mkono wake mwenyewe. Kwa siku mbili mimi nilisoma namba kwa sauti, yeye akazibonyeza kwenye mashine ya kuandikia chipu. Mhandisi Mkuu wa kiwanda alikuja mara tatu kuuliza kulikoni. Kila mara aliambiwa kwamba chipu za akiba zimeharibiwa na jua. Ilikuwa kweli, na hakuna aliyetaja nani aliziweka juani.

Kutokana na hilo chukueni jambo moja: programu isiyo na nakala haipo. Siku hizi kuna programu za kutunza historia ya kila badiliko unaloandika, na unaweza kurudi nyuma hadi mstari wa jana au wa mwaka juzi. Jifunze kutumia mojawapo kabla hujajifunza kitu kingine chochote.

Alipostaafu Fundi Mkuu, nilikuwa na vifaa vyangu vinne. Mita ya kupimia umeme, ambayo ni macho ya fundi. Chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba. Lenzi ya kukuza, maana chipu zilikuwa zinazidi kuwa ndogo. Na daftari gumu la kuandika kila siku nilichofanya na nilichoona. Ukiwa na vinne hivyo unaweza kuanza kazi kesho. Osiloskopu, ile mashine inayochora umeme kama mawimbi kwenye kioo, ni nzuri sana, lakini mimi niliazima kwa miaka kumi na moja na sikufa.

Kutoka kiwandani nilihamia karakana ya vifaa vya matibabu katika hospitali moja ya umma. Nikapanga nyumba mtaa wa Amalemba, ambako naishi hadi leo. Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Karakana, bwana mkubwa wa mwili na mpole, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa lake, ambaye hakupenda ugomvi hata na kufuli iliyoshika kutu. Tulirekebisha vitanda, mashine za hewa, mizani, friji za chanjo. Asubuhi alipitia kila meza akiuliza mgonjwa wako anaendeleaje, akimaanisha mashine.

Hapo ndipo nilipokutana na inkubeta. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati hawezi kujipasha joto, kwa hiyo hulazwa ndani ya sanduku la kioo lenye kipasha joto chini yake. Chipu husoma joto la ndani, ikawasha na kuzima kipasha joto, na ikaonyesha namba kwenye kioo kidogo. Tulikuwa na inkubeta tano ambazo bodi zake zilikuwa zimekufa, na waliozitengeneza hawakuziuza tena. Masanduku yalikuwa mazima, vipasha joto vizima, kilichokosekana ni akili. Msimamizi aliniuliza kama naweza kutengeneza akili hiyo. Nikasema naweza.

Ilinichukua muda mrefu, na sitasema uongo, ulikuwa muda mtamu kuliko wote wa maisha yangu ya kazi. Nilijifunza lugha ya C, lugha kongwe ya programu ambayo bado ndiyo mama wa kazi hii. Nilikuwa na kitabu chembamba cha lugha hiyo, na nilifanya kila zoezi lililokuwamo, kwa kalamu, kabla ya kugusa kompyuta. Vitabu vinene vya lugha hiyo nimeviona vingi. Kimoja chembamba ulichokifanyia mazoezi yote kinashinda. Nilirudi pia kwenye kitabu changu cha umeme cha shule ya ufundi, kile kinachoanza na betri moja na taa moja. Msione aibu kurudi huko.

Bodi ya kwanza ilifanya kazi, kisha ya pili, kisha zote tano. Wauguzi waliziita mashine za Rose. Sista wa wodi ya watoto wachanga, mama mrefu mwenye sauti ya chini ambaye wodi nzima ilinyamaza alipoingia, alikuja hadi karakana kunipa mkono. Kwa zaidi ya mwaka mmoja hazikutusumbua hata kidogo.

Kisha hospitali ikapata jenereta kubwa na betri za akiba, na stima ya wodi ile haikukatika tena. Mjuao mvua zetu za jioni na radi zake mtaelewa tulivyofurahi. Awali stima ilikatika kila baada ya siku chache, wauguzi wakakimbia na blanketi. Sasa mashine ziliwaka wiki baada ya wiki bila kuzimwa.

Asubuhi moja, kama saa tano, Sista aliingiza mkono ndani ya inkubeta ya tatu amlishe mtoto kwa bomba. Alikuwa mtoto wa kike, binti wa mama mmoja kijana aliyeitwa Nafula, mke wa mkulima wa miwa. Sista alihisi ubaridi. Akatazama namba kwenye kioo: nyuzi thelathini na nne, sawasawa kama ilivyotakiwa. Hakubishana na namba. Alimtoa mtoto akamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili, akaita daktari. Halafu akaniita mimi.

Nilipofika mtoto alikuwa bado kijivu midomoni. Nafula alikuwa akimpulizia pumzi utosini, polepole, kama mtu anayefufua moto wa jikoni. Hakunitazama. Nilizima ile mashine, nikaisukuma hadi karakana.

Mtoto alipona. Nalisema mapema ili msiwe na wasiwasi kama niliokuwa nao mimi. Ilipofika jioni alikuwa ananyonya tone kwa tone. Lakini mashine sikuielewa. Niliiwasha karakanani, ikafanya kazi vizuri. Siku ya pili ikafanya kazi vizuri. Nilipima kila waya kwa mita, nikatazama kila lehemu kwa lenzi. Hapakuwa na kosa.

Msimamizi alikuwa ameandika ripoti. Alinisomea kwa sauti yake ya besi: hitilafu ya stima wakati wa kubadilisha kutoka laini kwenda betri.

"Rosebella, stima haiwezi kukasirika," akaniambia. "Tuweke hivyo, tuendelee na kazi."

Alikuwa ananihurumia. Nilikumbuka mzee wangu wa kiwandani na neno lake kuhusu jua, na kwa nusu siku nilikubaliana na ripoti ile moyoni. Kilichonizuia kutulia ni jambo dogo alilonieleza Sista. Nilikuwa nimemwomba anieleze tena alichoona, chote, hata kisicho na maana. Akafikiri.

"Namba haikuwa inacheza," akasema. "Kwa kawaida inachezanga. Thelathini na nne, thelathini na nne nukta moja, inarudi. Siku hiyo ilikuwa imesimama tu."

Namba iliyosimama ina maana chipu haikuwa inasoma joto. Ilikuwa inaonyesha joto la zamani. Lakini chipu haikuwa imekwama, kwa sababu ndani ya kila chipu ya namna hiyo mna mlinzi: saa ndogo ambayo programu lazima iiguse kila mara kusema niko hai, na isipoigusa, mlinzi huwasha chipu upya. Mlinzi hakuamka. Kwa hiyo programu ilikuwa hai, inazunguka, inamgusa mlinzi, na haifanyi kazi yake. Nimewaona watu wa namna hiyo maofisini, lakini sikutarajia kumkuta ndani ya bodi niliyoitengeneza mwenyewe.

Nilimwomba Sista kitabu cha wodi. Kila inkubeta ilikuwa na ukurasa wake: imewashwa lini, imezimwa lini. Ya tatu ilikuwa haijazimwa tangu jenereta mpya ianze kazi. Nikahesabu kwa kidole. Siku arobaini na tisa, na ya hamsini imeanza.

Nilirudi karakanani nikafungua faili langu. Sehemu kubwa ya programu niliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari. Lakini sehemu ya saa, ile inayohesabu muda ili chipu isome joto kila sekunde, niliichukua ikiwa tayari kutoka kwa watu wengine, kama mafundi wengi wanavyofanya, na si vibaya. Ilikuja na maelezo yake ya kurasa mbili. Nilikuwa nimeyachapisha, nikayatia pini, nikayaweka kwenye faili. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana kwa namna karatasi inavyoshikana ikiwa haijafunguliwa hata mara moja. Ukurasa wa pili, mstari wa chini: saa hii huhesabu elfu moja kwa kila sekunde, na baada ya siku arobaini na tisa na ushei hujaa na kurudi sifuri.

Kwa lugha rahisi, niliiambia chipu: subiri hadi saa ifike namba fulani, ndipo usome joto tena. Saa ikajaa, ikarudi sifuri kabla ya kuulizwa, na ile namba ikawa mbali kama mwisho wa dunia. Chipu ikasubiri kwa utiifu. Kipasha joto kilikuwa kimezimwa wakati huo, kikabaki kimezimwa. Miezi yote ile ya nyuma stima yetu mbovu ilikuwa inazima mashine kila siku chache na kuirudisha mwanzo, na kosa langu likajificha nyuma ya stima. Siku tulipopata stima nzuri, likatoka.

Sikutaka kuamini karatasi tu. Sikuweza pia kungoja siku arobaini na tisa nyingine. Nikabadilisha programu ili saa ianze kuhesabu dakika moja kabla ya kujaa, nikaweka kipimajoto cha kioo ndani ya sanduku, nikawasha. Msimamizi alisimama nyuma yangu. Mara ya kwanza saa ilipita salama. Ya pili, salama. Nilirudia mara nyingi, maana saa ilipaswa kujaa katika nafasi ndogo sana ya muda ndipo kosa litokee. Mara ya saba namba ilisimama. Kwenye kioo, thelathini na nne. Kwenye kipimajoto zebaki ilianza kushuka, na sisi wawili tukaitazama ikishuka.

"Zingine zina siku ngapi?" Msimamizi akauliza hatimaye.

Inkubeta mbili zilikuwa na watoto. Moja ilikuwa na siku arobaini na sita.

Akaniambia la kufanya, kwa upole. Niende wodini, niseme nafanya usafi wa kawaida, nizizime na kuziwasha. Kisha nirekebishe programu moja moja. Hakuna atakayejua, na hakuna mtoto atakayedhurika tena. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Nilikwenda wodini nikiwa nusu nimekubali.

Sista aliwahamisha watoto wawili kwa mama zao bila kuuliza. Nilizima mashine, nikaziwasha. Hatari ikawa imekwisha, na ningeweza kugeuka na kuondoka. Lakini Sista alikuwa amesimama pale, mikono imeshikana mbele, akiningoja nimweleze, kwa sababu aliniamini kwamba nitamweleza.

"Kwa hivyo ile siku haikuwa stima," akasema.

"Haikuwa stima, Sista. Ilikuwa mimi."

Nikamweleza yote, hata zile kurasa mbili zilizoshikana. Hakunifariji. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akavua epuroni yake, akaikunja, akasema twende pamoja kwa Superitenda. Huyo alikuwa daktari aliyesimamia hospitali nzima, mtu wa maneno machache. Msimamizi wa Karakana alitukuta mlangoni. Nilidhani amekuja kunizuia. Aliingia nasi, akamwambia Superitenda kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa yake na anaiondoa. Sijasahau kwamba mtu yule, asiyependa ugomvi, aliingia mle chumbani kwa miguu yake.

Superitenda aliuliza maswali matatu: mtoto yuko katika hali gani, mashine zingine ziko salama, na nani mwingine amewahi kusoma programu hii. Kwa swali la tatu nilijibu kwamba hakuna.

"Mimi siwezi kumpasua mtu peke yangu," akasema. "Kwa nini wewe uliandika peke yako?"

Uamuzi wake ulikuwa huu. Inkubeta zote tano zitolewe kazini mpaka zirekebishwe. Programu yangu yoyote inayogusa mgonjwa isitumike mpaka mtu wa pili aisome yote na kutia sahihi. Niandike karatasi ya makosa ya mashine zangu, kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe ubavuni mwa kila moja. Na nimweleze mama wa mtoto, mimi mwenyewe.

Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha nguvu. Nilimkuta Nafula amekaa kitandani, mtoto kifuani. Niliketi kwenye kiti cha chini nikamweleza kwamba mashine iliacha kupasha joto kwa sababu ya kosa nililolifanya mimi nilipoiandikia maagizo, na kwamba naomba msamaha. Alisugua kisigino cha mtoto kwa kidole gumba. Nilijiandaa kwa lolote.

"Na hiyo mashine," akaniuliza, "nayo imepona?"

Nilimwambia bado, ila itapona. Akatikisa kichwa kukubali, kama vile tumeongea kuhusu wagonjwa wawili wa wodi moja. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo la kufulia, mahali ambapo kelele za mashine zilinisitiri.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja. Nimewafundisha vijana wengi mstari huo, na naurudia hapa kwa maneno: usiulize saa imefika wapi, uliza muda gani umepita tangu mara ya mwisho. Ukiuliza hivyo, saa ikirudi sifuri haikudhuru. Nikaongeza la pili: mlinzi asiguswe na programu inayozunguka tu, aguswe na programu iliyosoma joto kweli.

Mtu wa pili wa kusoma alipatikana chuo kikuu hapa mjini, mhadhiri wa umeme, mama mdogo kwangu kwa umri na mkali kama pilipili. Alisoma programu yangu kwa wiki mbili, akanirudishia na alama za kalamu nyekundu thelathini na moja. Nyingi zilikuwa za haki. Tulibishana juu ya zilizobaki hadi tukawa marafiki, na Mkuu wa Idara yake alipohitaji fundi wa maabara, yeye ndiye aliyenitaja. Huko chuoni nilifanya kazi hadi nilipostaafu, nikiwafundisha wanafunzi kulehemu bila kuchoma meza. Huko pia ndiko nilikopata kifaa ninachokipenda kuliko vyote, kidude kidogo cha ukubwa wa kiberiti unachokiunganisha na kompyuta, kikakuonyesha ishara zinazopita kati ya chipu na chipu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekusomea barua. Ukiwa na nafasi ya kununua kitu kimoja cha starehe, nunua hicho.

Waliniaga kwa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku wetu wa kienyeji, hotuba saba, na saa ya ukutani. Mkuu wa Idara alisema sikuwahi kukosa kazini. Msimamizi wa Karakana, ambaye siku hizo alikuwa anatembea kwa mkongojo, alikuja akaimba.

Sasa mikono yangu haiwezi tena kulehemu. Chipu zimekuwa ndogo kama punje za mtama na vidole vyangu vimekuwa vikubwa. Sihuzuniki sana. Kusoma bado naweza, na asubuhi baada ya chai nasoma vitabu vya chipu mpya, vile vinavyopatikana bure mtandaoni, kwa raha tu, kama wenzangu wa kanisani wanavyosoma magazeti. Vijana wananitumia programu zao niwe mtu wa pili. Nawaambia sisomi bila karatasi ya makosa ya chipu husika, na wengi ndipo wanapoitafuta kwa mara ya kwanza.

Mwezi uliopita msichana mmoja mhandisi, Mideva, aliniletea programu ya kifaa alichokitengeneza cha kupima kina cha mto kule msituni Buyangu, ili watu wa chini waonywe maji yakipanda. Alikuwa ameichapisha yote, kurasa arobaini na kidogo, maana anajua napenda karatasi. Nilikaa nayo barazani siku nne. Nilitafuta kama nilivyozoea kutafuta: saa zake, mlinzi wake, chipu inafanya nini stima ya sola inapofifia. Mstari ulifuata mstari, safi, na maelezo yake pembeni yalikuwa ya mtu anayemfikiria atakayekuja baada yake. Nilifika mwisho bila kuweka alama hata moja, na nikaona kifua kimenijaa.

Nikampigia simu. Nikamwambia, mwanangu, nimesoma yote, na sijapata kosa. Nilitegemea afurahi.

"Mama," akasema, "umesoma mara ngapi?"

Nikamwambia mara moja.

"Tafadhali, soma tena."

Nikatafuta miwani yangu, nikasogeza kiti penye mwanga, nikaanza ukurasa wa kwanza.